Somo Ambalo Odina Hakulileta Nyumbani

Kijiji cha Sangdara,
Bonde la Bartang,
Pamir, Tajikistan.
Tarehe 14 Aprili 2018.

Mpendwa Dada Bakhtimo,

Ya Ali madad, dada yangu. Kwanza niambie afya yako. Mgongo unaendeleaje? Bado unadeki zile ngazi za maghorofa huku umeinama, au wamekupa ufagio wenye mpini mrefu kama ulivyoomba? Nasikia huko Moscow theluji bado ipo. Vaa soksi mbili. Usinicheke, mimi nakuwaza hata miguu.

Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Mama mkwe magoti yanamsumbua, lakini ulimi haujambo kabisa. Mume wangu Nazarsho anashinda kwenye mfereji na wanaume wenzake wakizibua mawe yaliyoshushwa na theluji. Ng'ombe amezaa ndama dume. Mama mkwe amenuna kama vile mimi ndiye niliyemchagua, ila maziwa yapo, na chai yetu sasa ina siagi.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu unajua mtandao wetu unashika pale juu ya mwamba tu, na ukipiga simu pale nusu ya kijiji inakusikiliza, na wengine wanakusaidia kujibu. Hili silo jambo la kusaidiwa kujibu. Barua nampa jirani yetu Mama Shodi, anayekuja huko kwa mumewe. Niwie radhi kwa mwandiko. Shule niliiacha vita vilipoanza, unajua mwenyewe, na mkono wangu umezoea unga kuliko kalamu.

Nina ombi moja kwako, dada. Nikilitaja sasa hivi utaniona nina roho mbaya. Acha nianzie mbali.

Unakumbuka jinsi Savsan wetu alivyokuwa akipata tano, alama ya juu kabisa, kila somo. Kila ulipopiga simu nilikuambia, tano, tano, tano, na wewe ulisema huyu atakuwa daktari. Mwalimu Shirinbek alikuwa akinisimamisha njiani mbele ya watu: "Mama Odina, binti yako ni kitabu chenye miguu." Mtoto akiitwa ubaoni, anakunja mikono nyuma, anakariri somo tangu neno la kwanza hadi la mwisho bila kukwama, anapewa tano, anarudi kukaa. Wengine walikwama, yeye hakukwama. Mimi niliyeishia njiani ningejua nini zaidi? Nilichinja kuku.

Wewe hukuwepo wakati ule, kwa hiyo sijui kama nimewahi kukueleza vizuri. Theluji ilipoporomoka pale kwenye njia ya kinu ikamchukua Odina wangu, alikuwa darasa la sita, Savsan darasa la nne. Siku ile walikuwa watoke shule pamoja kama kawaida, ila Savsan alikuwa na homa nikamzuia nyumbani. Basi kaka akarudi peke yake, na hakufika. Ulituma salamu na sanda ya kitambaa kizuri, ikafika tumeshazika. Nimeiweka.

Shule yetu watoto ni wachache, kwa hiyo darasa la nne, la tano na la sita wanakaa chumba kimoja na mwalimu mmoja. Savsan alikuwa akisikia masomo ya kaka yake darasani, na jioni akayasikia tena, maana Odina alikariri kwa sauti, amesimama kwenye ile nguzo ya karibu na jiko. Na huyu mdogo alimfuata kama mkia, akichezesha midomo.

Mwalimu Shirinbek alistaafu mwaka jana watoto walipofungua shule. Akaja binti mmoja kutoka Khorog, anaitwa Gulnamo, mwembamba, miwani, viatu vya mjini. Mama mkwe alimtazama mara moja akasema, "Huyu atafundisha nini, juzi kamkimbia mbuzi." Na kweli alimkimbia, lakini yule mbuzi wa jirani yetu Sultonbek hata mimi namkimbia.

Huyu Gulnamo hawaiti watoto ubaoni sana. Anapita kati yao anawauliza, hapa umefanyaje, kwa nini umefanya hivi. Anawapa vijiwe wahesabu. Anamwambia mkubwa amfundishe mdogo, yeye anasimama pembeni anasikiliza. Ijumaa anamuuliza kila mtoto, kuna kitu gani leo unaweza ambacho wiki iliyopita hukuweza? Watu walilalamika. Walisema mwalimu gani anauliza kuliko kufundisha, na alama ziko wapi. Mimi nilikuwa miongoni mwao, maana zile tano zilipungua.

Mwezi wa pili, kama wiki mbili baada ya kumbukumbu ya Odina, akaja nyumbani. Nikamwekea chai na mkate. Alikuwa anazungusha bakuli tu, hanywi.

"Mama Savsan," akaniambia. Unajua, huyu ndiye mtu pekee kijijini anayeniita hivyo. Wengine wote bado wananiita Mama Odina. "Mama Savsan, usinikasirikie. Nani anamfundisha Savsan hapa nyumbani?"

"Hakuna mtu," nikamwambia. "Baba yake hayupo mchana. Mimi hesabu yangu ni ya mayai."

"Kuna mtu anamfundisha."

Mama mkwe alikuwa amejilaza pembeni, tukidhani amelala. Akasema, "Ni akili za ukoo wetu, mwanangu. Kunywa chai."

Mwalimu akaeleza polepole. Alimpa Savsan ile hesabu ya kitabuni ya wachungaji wawili wanaogawana kondoo. Savsan akajibu palepale, sahihi. Akabadilisha idadi ya kondoo. Savsan akampa jibu lilelile. Akabadilisha tena, akawafanya wachungaji watatu. Jibu lilelile la kitabu. Akamuuliza, "Umelipataje?" Mtoto akageuka akatazama mlangoni, kama mtu anayengoja mwenzake aingie amjibie.

"Halafu anakohoa," akasema mwalimu. "Nilidhani ni kifua. Nikamchunguza. Akicheza hakohoi. Akiimba hakohoi. Anakohoa akikariri, na ni mahali palepale kila siku. Lile somo la mto, kabla ya kusema maji yanavyotoka kwenye barafu, anasimama, anakohoa mara mbili, anaendelea."

Dada, mkono wangu ulikuwa na birika nikaliweka chini.

Odina alikuwa na kikohozi majira yale ya baridi. Nilimkanda mafuta ya kondoo, nikamnywesha maziwa moto, hakikuisha.

Nilikijua kile kikohozi cha Savsan. Nilikijua tangu siku ya kwanza alipokitoa. Kila jioni nilimwambia, mwanangu, simama kwenye nguzo unikaririe somo, na mimi nageukia unga, nakanda bila kumtazama. Na anapofika pale kwenye barafu mikono yangu inasimama yenyewe inangoja. Nikishasikia, naendelea kukanda. Watu wakisema nimekuwa na nguvu baada ya msiba, eti Zinatmo ni jiwe, walikuwa hawajui mimi jioni huwa na nani.

Nilimwambia mwalimu. Sijui kwa nini, ila macho yake nyuma ya ile miwani hayakuwa ya kunihukumu. Akasema, "Basi tangu alipoondoka kaka yake, Savsan hajajifunza kitu. Anapita mahali kaka yake alipopita. Alama zilikuwa zinasikia sauti tu, hazimuoni yeye."

Nikakumbuka kondoo wakitoka zizini baada ya baridi. Sufu imejaa, unasema huyu amenona. Ukitia vidole ukabonyeza uti wa mgongo ndipo unakuta mifupa. Na mimi miaka miwili nilikuwa nasifia sufu ya mtoto wangu.

Mwalimu akauliza jambo moja zaidi kabla ya kuondoka. Odina alifikia somo gani? Sikujua. Nikampeleka kwa Mwalimu Shirinbek, yuko nyumbani na nyuki wake. Mzee wa watu alikumbuka, maana siku ile alileta darasani kamba ya punda wake awaonyeshe. Lilikuwa somo la kupima shamba, kujua ukubwa wake. Aliwafundisha, akawaambia wakalikariri nyumbani, akawafungulia mlango.

Gulnamo alipomweleza habari ya Savsan, mzee alivua kofia akaishika. Akasema, "Ina maana hadi nastaafu nilikuwa namsahihishia marehemu." Tulipotoka alikuwa bado ameishika kofia.

Sasa Savsan ndiye yuko darasa la sita, dada, na kitabu ni kilekile. Navruzi, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ilikuwa inakaribia, na kwa kuwa Gulnamo huenda polepole kuliko mzee, baada ya Navruzi ndilo hilo somo. Ndipo hofu yangu ilipoanza, maana nilianza kumtazama mtoto, si kumsikiliza tu. Alikuwa amekonda. Mkate anaumegamega anawapa kuku. Akirudi shule hapiti njia ya kinu, anazunguka juu kwa mawe. Jioni moja namsuka nywele akaniambia, "Mama, kitabu kinakaribia kuisha."

"Bado kurasa nyingi, mwanangu, nimekiona."

"Kwangu ziko nyingi. Kwake zinaisha."

"Kwake nani?"

Baadaye, nimeshafunga utepe, akasema, "Baada ya hapo pana theluji tu."

Nilimshika kichwa nikakibana kifuani. Mtoto alikuwa anaamini kwamba atakayejifunza somo lile, njia itamfunika. Na alikuwa anatembea kulifuata siku baada ya siku, kwa kuwa mwalimu akifungua ukurasa, mtoto afanye nini?

Nikaenda kumwomba Gulnamo aliruke. Nilimpelekea matunda makavu ya forosadi na siagi, kama rushwa ya maskini. Nazarsho naye alisema aliruke, kupima shamba hata yeye anaweza kumfundisha. Mama mkwe alisema mtoto akae nyumbani hadi kiangazi, asome mifugo.

Mwalimu akala forosadi mbili, akasema, "Nikiliruka, Mama Savsan, nitampa jingine na atasimama hapohapo, kwa sababu hata hilo jingine hajalisikia kwa kaka yake. Mimi nataka kujua yeye anaweza nini. Yeye, si kumbukumbu yake. Na sitajua akiwa amesimama ubaoni." Halafu akaniuliza, "Shamba lenu la shayiri, lile la nyuma, mmeshalima?"

Nikamwambia bado, udongo ndiyo kwanza umekauka.

Basi Jumanne iliyopita akaja na watoto wake wote nyuma ya nyumba yetu. Hakuleta kitabu. Alileta kamba mpya, ameifunga mafundo kila hatua. Akawaambia hakuna alama leo, hakuna kukariri, anayetaka kuchafuka achafuke. Watoto walipigana vikumbo kwa furaha. Mama mkwe alijikongoja hadi ukutani akakaa kusimamia, akasema, "Wakinikanyagia vitunguu nawapima wao."

Walikuwa wanapima wawiliwawili, Savsan akabaki hana mwenzake. Gulnamo akanitazama. "Mama Savsan, tushikie kamba upande huu."

Nikaacha jembe nikashika. Savsan alishika upande wa pili. Alikuwa mweupe kama unga. Alitazama juu mlimani, kule theluji ilipobaki, akatazama kamba. Nami nikatazama juu, maana nilishaambukizwa hofu yake. Nilisikia maji ya mfereji, nikadhani ndiyo theluji inakuja. Dada, nilikuwa tayari kumrukia nimfunike.

Wenzake walikuwa wanapiga kelele idadi ya mafundo. Yeye alikuwa bado ameshika ncha ya kamba. Mwalimu hakumhimiza, alisimama tu na mikono mfukoni. Nikawaza, sasa atageuka kutazama mlango, na hapa shambani mlango hakuna.

Akatembea. Alinyoosha kamba, akahesabu mafundo kwa kidole, akarudia. Tukapima urefu, tukapima upana. Akachuchumaa akaandika kwa kijiti kwenye udongo. Kisha akakaa akiitazama ile mistari muda mrefu, hata wengine wakaanza kumtania: "Kitabu kimefungwa leo." Na yule mtoto wa Sultonbek, mtundu kama mbuzi wao, akasema, "Kimelowa."

Savsan akainua uso akamwambia, "Nyamaza wewe, nafikiri."

Halafu akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, kwa nini tunazidisha? Kwa nini tusijumlishe?"

Mimi sikuona ajabu ya swali lile. Lakini Gulnamo alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akachuchumaa naye kwenye udongo, wakachora vijumba vidogovidogo mstari kwa mstari, hadi Savsan akasema aa. Aa hiyo tu. Akafanya hesabu yake akatoa jibu.

Jibu lilikuwa na kosa. Mwalimu aliniambia baadaye, watoto wameshaondoka, tumekaa juu ya ukuta. Alisema alilijua kosa palepale na hakulisahihisha. "Hilo ni kosa lake mwenyewe," akasema. "Sijalisikia kwa mtu mwingine. Leo nimempima kitu kikapimika." Nikamuuliza, kama ni alama, angempa ngapi. Akafikiri, akasema tatu. Nikacheka, dada, na machozi yakanitoka. Tatu, na nilikuwa na furaha nayo kuliko tano zote.

Furaha hiyo haikufika jioni ikiwa nzima. Wakati wa kukanda unga ulipofika, mdomo wangu ulishafunguka kumwambia simama kwenye nguzo. Nikaufunga. Savsan alipita mbele ya nguzo akaenda kukaa dirishani na karatasi yake. Unga ulinishinda, nikamwita Nazarsho aje aniwashie jiko ili pawe na mlio wowote. Nilipopakua chakula nilihesabu bakuli nikahisi tuko wanne. Tangu theluji ile tumekuwa wanne, lakini ndiyo mara yangu ya kwanza kuhisi.

Tumemaliza kula, mtoto akanijia na ile karatasi. "Mama, nimekosea. Shamba letu kule mwisho limebanwa na ukuta, si pana kama huku. Nimepima upana wa huku tu. Nitafanyaje sasa?"

"Sijui, mwanangu," nikamwambia.

"Hata mimi sijui."

Akakaa ubavuni pangu, tukaitazama ile karatasi sote wawili, hatujui. Alikula mkate huku anafikiri. Aliumaliza.

Hivyo ndivyo tulivyo, na sasa nifikie ombi langu.

Kila ukipiga simu, dada, baada ya salamu unamwomba Savsan akukaririe kidogo. Humwambii akusimulie habari, unasema, nikaririe lile la mto. Akishaanza unanyamaza kabisa, hata mimi huwa nadhani mtandao umekatika. Akimaliza sauti yako huwa imebadilika. Nilikuwa najiuliza kwa nini dada yangu anapenda hivi habari za mto. Siku hizi sijiulizi tena. Wewe hukumzika. Wewe ndiye uliyemfundisha kutembea, akikushika vidole, kabla hujaondoka kwenda huko. Najua ulikuwa unamsikiliza nani, na najua ulikuwa unasubiri sehemu gani.

Nakuomba usimwombe tena. Hata akitaka mwenyewe kukufurahisha, mwambie, la, niambie leo umeshindwa wapi. Atakueleza, na atakueleza vibaya, kwa kusitasita, hutaelewa nusu yake. Msikilize hivyohivyo. Najua nakunyang'anya nini, kwa sababu nimenyang'anywa hichohicho, na usiku nikiamka nakaa kwenye ile nguzo gizani. Lakini huyu yuko hai, dada, na tulikuwa tunampitisha mwenzake kinywani mwake hadi akakonda.

Nazarsho anakusalimu, anasema ukija usisahau kile kisu cha kukatia sufu. Mama mkwe anakusalimu na anauliza kama huko wanaume wazee bado wanaoa. Mwalimu Shirinbek anakutumia asali, Mama Shodi ameifunga ndani ya nguo zake. Gulnamo hakujui, ila nimemwambia nina dada, akasema nikupe heshima zake. Savsan anakubusu mikono yote miwili. Anasema akipiga hesabu ya lile shamba ikakubali atakuambia, na isipokubali pia atakuambia.

Mungu akulinde na barafu za ngazini, akupe kazi nyepesi na usingizi mzito, akurudishe kwetu ukiwa unatembea kwa miguu yako.

Mimi mdogo wako, nikupendaye tangu uliponibeba mgongoni,
Zinatmo